Uzi maalumu: Tunaotafuta makaburi ya wazee wetu Tabora na Kigoma, tuanze na safari zao

Mwanzisha uzi (Tabora)

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wote nawasalimu. Kwa miaka minne sasa, kila nipatapo likizo, nimekuwa nikizunguka katika makaburi ya kale ya mikoa ya Tabora na Kigoma nikitafuta walipolala wazee wa ukoo wetu upande wa baba. Nimeingia katika maziara ya Waislamu, viwanja vya misheni, makaburi ya pembeni ya reli na mapori ambayo zamani yalikuwa vijiji vya watu. Naandika uzi huu kwa sababu miaka miwili ya mwanzo niliipoteza bure, na nisingependa ndugu mwingine aipoteze kama nilivyoipoteza mimi.

Kosa langu ni kwamba nilikwenda makaburini kwanza. Nilikuwa nikifika na daftari asubuhi, nasoma jiwe baada ya jiwe nikitafuta jina la ukoo, na jioni narudi mikono mitupu. Sehemu kubwa ya wazee wetu hawakuandikiwa jina juu ya kaburi, na wachache walioandikiwa walifia mbali na mahali tulipodhani wamelala. Aliyenizindua ni shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Alinisikiliza nikimweleza mizunguko yangu mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Baba, unajua tumehamishwa mara ngapi?"

Sikujua. Nilijua tu kijiji alichozaliwa baba, nikachukulia kwamba ukoo mzima ulikuwa hapo tangu enzi. Siku ile shangazi alinihesabia kwa vidole, na kila kidole alichokikunja kilikuwa na makaburi yake.

Uhamisho wa kwanza haukuwa wa ukoo mzima, bali wa wanaume. Wanyamwezi walikuwa watu wa safari kabla ya Mjerumani kufika. Neno mpagazi lenyewe lina asili ya huku kwetu. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo ikaja Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, ikaendelea magharibi mpaka Ujiji na kuvuka ziwa kwenda Manyema. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, hapohapo Unyanyembe, mwaka 1857 waliikuta njia hiyo imekwisha kukomaa. Reli ya Kati nayo ilifuata mkondo uleule kwa sehemu kubwa: ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Baba wa babu yangu alitoka nyumbani kwenda kufanya kazi kwenye reli hiyo, akamwacha mkewe na mtoto mdogo, ambaye ndiye babu. Alirudi mara moja tu, kisha hakurudi tena. Nyumbani kwetu alibaki kuwa "mzee aliyekwenda kubeba meli".

Uhamisho wa pili ulikuwa wa malale. Kuanzia miaka ya 1920, na hasa miaka ya 1930, serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa maeneo mengi ya magharibi yaliyokuwa na mbung'o, ikawaweka katika makazi ya pamoja yaliyofyekwa msitu pande zote. Familia zilizokuwa zimetawanyika porini zikaambiwa zifunge mizigo. Mapori mengi tunayoyaona leo kati ya Urambo, Kaliua na mto Malagarasi, ambayo mgeni huyadhania kuwa hayajawahi kukaliwa na mtu, ni mahame. Kinyamwezi tunasema matongo.

Uhamisho wa tatu wengi wenu mnaufahamu, kwa kuwa wazazi wetu walikuwamo: vijiji vya ujamaa. Kigoma ilianza mapema, katika operesheni ya mwaka 1972, na kufikia mwaka 1974 ilikuwa nchi nzima. Watu walibeba milango, mabati, mitungi na kuku. Makaburi hayabebeki.

Kwa hiyo ukoo mmoja unaweza kuwa na mahali patatu au panne pa kuzikia, na kila mahali panashika kizazi kimoja tu. Mtu akiniambia kwamba ametafuta kaburi la babu yake akalikosa, sasa swali langu la kwanza ni lilelile la shangazi. Mkilijibu hilo, mtakuwa mmeipunguza nchi nzima ikawa kata mbili au tatu, na hapo ndipo daftari linaanza kuwa na kazi.

Nitaendelea jioni na habari za safari ya Kaliua.

Mwanzisha uzi (Tabora)

Naendelea.

Mke wa yule mzee, yaani mama wa babu, alifariki katika makazi ya malale, kabla babu hajaoa mke wa pili. Hatukuwa na tarehe nyingine zaidi ya hiyo. Shangazi hakuwahi kumwona bibi yake, lakini alipokuwa msichana alipelekwa na babu kufagia kaburi lake kila mwaka kabla ya kupanda, na njia aliikumbuka kwa miguu. Maelekezo aliyonipa niliyaandika kama alivyoyasema: utoke kwenye kisima chenye mkuyu, ulipe jua kisogo asubuhi, utembee mpaka upite minyaa miwili iliyosimama kama mlango, na kaburi liko upande wa mkono wa kulia, "pale anapolala na jiwe lake".

Nilimwendea mwenyekiti wa kijiji kilicho karibu na pori lile kabla ya kufanya lolote, nikaeleza nia yangu, nikamwonyesha kitambulisho na picha ya shangazi. Hili nawasihi msilipuuze. Mtu asiyejulikana anayezungukazunguka kwenye makaburi porini anatiliwa shaka, na wanakijiji wana sababu. Wapo waliokuja kuchimba wakitafuta mali wanazodai ziliachwa na Wajerumani, na kibaya zaidi, wapo waliofukua makaburi ya ndugu zetu wenye ualbino kwa ushirikina, kiasi kwamba familia zililazimika kuyamwagia zege. Sungusungu wakikukuta huko peke yako na jembe, utaeleza mengi. Mimi nilikwenda mchana, bila jembe wala sururu, na wazee wawili waliopangwa na mwenyekiti.

Kisima tulikipata kimekauka, ila mkuyu upo. Minyaa haikuwa miwili tena. Ilikuwa imezaana ikawa kichaka kirefu kuliko nyumba. Huu ndio mmea wa kuutazama kwanza mkiingia katika matongo ya huku, kwa kuwa wazee waliupanda kuwa uzio wa mji na wenyewe haufi kwa ukame wala kwa moto mdogo. Baada yake tazameni miembe iliyo katika mstari, kichuguu kilichokuwa ukuta, na vigae vya vyungu juu ya udongo uliopauka. Penye makaburi ardhi huwa imedidimia kidogo, marefu kuliko mapana, na mara nyingi mawe yamekusanyika mahali ambapo hakuna mwamba wa kuyatoa.

Tulizunguka kwa saa mbili. Mzee mmoja kati ya wale wawili ndiye aliyeona: jiwe la kusagia nafaka, limelazwa kifudifudi. Tulipopata ridhaa ya pamoja tukaliinua upande mmoja tu, kiasi cha kiganja kupita. Tumbo lake lilikuwa laini kama bakuli, limelika katikati kwa miaka ya kusaga, na upande mmoja limelika zaidi kuliko mwingine. Nilipomsimulia shangazi kwa simu, akasema baba yake alimwambia kuwa bibi alikuwa wa mashoto. Nilikaa chini. Sina picha ya mwanamke yule wala jina lake lote, lakini najua alivyokuwa akisukuma jiwe.

Tulilirudisha kama lilivyokuwa. Nilipima mahali kwa simu, nikachora ramani ndogo yenye kisima, mkuyu na minyaa, na nakala moja nikamwachia mwenyekiti aiweke katika ofisi ya kijiji.

Mchangiaji (Kasulu)

Asante kwa uzi wenye uzito, kaka. Naomba kuongeza upande wa Buha. Kwetu sisi wazee walizikwa karibu na nyumba, ndani ya migomba. Operesheni ilipotushusha kutoka milimani kuja barabarani, migomba iliachwa, na wengi tunadhani mahali pale pamepotea. Hapajapotea. Migomba ikiachwa haifi mara moja. Hubaki ikichipua katikati ya nyasi miaka mingi, na ukiwa juu ya kilima unaweza kuona mabaka ya kijani kibichi ambayo kila moja lilikuwa mji wa mtu. Baba yangu mdogo alinionyesha kaburi la babu kwa njia hiyo, akiwa amesimama mbali kabisa.

Jambo la pili ni watani. Ukoo wetu una watani ambao tangu zamani ndio waliokuwa wakija msibani kufanya mizaha, kudai vitu vya marehemu na kusaidia kazi za mazishi. Mfiwa huwa na machozi machoni, haoni vizuri. Mtani huona kila kitu. Mzee mmoja mtani wetu alitutajia nani alilala upande gani wa nani, wakati sisi wenye marehemu tulikuwa tukibishana.

Mwanzisha uzi (Tabora)

Ndugu wa Kasulu, Mungu akubariki. La watani sikulifikiria kabisa, na nimeliandika.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mkuu, mimi asili yangu ni Ujiji lakini nimekulia Dar es Salaam. Mwaka jana nilikwenda nikakuta mawe ya kaburi yameandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadhi yamefifia sana. Je, nilipaswa kuyasugua? Na ule mwaka ulioandikwa nautambuaje?

Mwanzisha uzi (Tabora)

Swali zuri, na linagusa kosa ambalo nimeona likifanywa na watu wenye nia njema. Tafadhali usisugue. Wembe, brashi ya waya, msasa, sabuni ya kufulia na dawa ya kung'arisha choo vyote vinakula maandishi, hasa yale yaliyochorwa kwa msumari kwenye plasta ya chokaa. Chaki nayo huingia katika vitundu na kumdanganya msomaji anayekuja baada yako. Tumia maji safi na brashi laini, uondoe udongo tu, kuvu iliyoshikamana uiache. Kisha tafuta mwanga wa ubavuni. Saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni jua likiwa chini, mikwaruzo ambayo mchana haionekani hujitokeza yenyewe kwa kivuli chake. Kama umefika saa sita, mwombe mwenzako akinge jua kwa khanga, nawe umulike kwa tochi ya simu ukiwa umeilaza karibu kabisa na jiwe, huku ukipiga picha kwa simu nyingine. Piga picha nyingi, kila moja tochi ikiwa upande tofauti.

Kuhusu mwaka: mawe mengi ya zamani yana mwaka wa Hijria. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kumi au kumi na moja, hivyo miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya kalenda ya kawaida. Chukua mwaka ulioandikwa, uugawanye kwa 33, jibu ulitoe katika mwaka huo, kisha ujumlishe 622. Utapata mwaka wenyewe au jirani yake. Mathalani 1300 inakupeleka karibu na 1882.

Tarakimu zenyewe zinahitaji uangalifu. Sifuri ni nukta tu, na nukta ndicho kitu cha kwanza kubanduka plasta inapochakaa, kwa hiyo mwaka unaoonekana kuwa na tarakimu tatu huenda ulikuwa na nne. Tano ni duara dogo, ambalo macho yetu hulisoma kama sifuri. Saba ina umbo la herufi V, na nane ni hiyohiyo imepinduliwa. Jiwe likiwa limeanguka na kupasuka, ukalishika kichwa chini, saba yako itakuwa nane. Nalisema hili kwa sababu lilinipata, nitaeleza mbele.

Halafu kabla ya kusoma chochote, tazama namna kaburi lilivyolala. Maiti ya Mwislamu hulazwa ubavu wa kulia, katika mwanandani, uso ukielekea kibla. Kwa sisi wa Tabora na Kigoma kibla kiko kaskazini, kikikengeuka kidogo kuelekea mashariki, kwa hiyo kaburi hulala mashariki kwa magharibi na kichwa huwa upande wa mashariki. Mashahidi, yaani mawe yanayosimamishwa juu ya kaburi, yakiwa mawili, lile la mashariki ndilo la kichwani, na ndilo la kulitazama kwanza kwa maandishi. Kaburi linalolala kaskazini kwa kusini katikati ya maziara ya Waislamu linakupa swali la kuwauliza wazee.

Mchangiaji (Kipalapala)

Na sisi tulio Wakatoliki je? Bibi yetu mmoja alilelewa na mapadri akiwa mtoto aliyekombolewa utumwani.

Mwanzisha uzi (Tabora)

Ninyi mna bahati ambayo wengi wetu hatuna. Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walifika Ujiji mwaka 1879, na popote walipokaa waliandika. Daftari la ubatizo la misheni ya zamani kwa kawaida lipo kwa Kilatini: *natus* ni kuzaliwa, *baptizatus* ni kubatizwa, *obiit* ni kufariki, *sepultus* ni kuzikwa. Kwa mwanamke maneno hayo, isipokuwa *obiit*, huishia *-a*, yaani *nata* au *sepulta*, na hiyo pekee inaweza kukuambia kama jina usilolijua ni la kike. Angalieni pia jina la msimamizi wa ubatizo. Kwa mtoto aliyenunuliwa utumwani, ambaye hakuwa na ndugu wa kumsimamia, msimamizi na wenzake wa bweni ndio waliokuwa ukoo wake mpya, na mara nyingi ndio waliomzika.

Wamoraviani nao wana kumbukumbu nzuri. Urambo ilikuwa kwanza ya misheni ya Waingereza kutoka London, ambayo daktari wake, Southon, alifia huko mwaka 1882 wakati wa utawala wa Mtemi Mirambo, na Wamoraviani waliichukua mwaka 1898.

Nitakuwa mkweli, si kila mlango ulifunguka. Katika parokia moja, ambayo sitaitaja, karani aliniambia daftari nilizotaka zilichomwa kwa kuwa zilikuwa zimeliwa na mchwa. Zilikuwa zimeliwa pembeni tu, alisema, lakini chumba kilihitajika. Niliumia sana. Mwenye nafasi ya kupiga picha kurasa za daftari la aina hiyo, kwa ruhusa ya paroko, aifanye kazi hiyo mwaka huu.

Mchangiaji (Urambo)

Kwetu kuna makaburi yaliyokuwa karibu na barabara, na mkandarasi aliyasawazisha kwa greda, familia zikajulishwa baadaye. Sheria inasemaje?

Mwanzisha uzi (Tabora)

Pole sana, ndugu yangu. Sheria ipo, ya mwaka 1969, inayohusu kuhamisha makaburi pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Inataka notisi itolewe, wenye marehemu wapate nafasi ya kujitokeza, na masalia yahamishwe na kuzikwa upya kwa heshima. Shida yetu ni kwamba kaburi lisilo na jina wala saruji halionekani na mpima ardhi, hivyo notisi haimtafuti mtu. Kwa kuwa barabara na reli mpya zinapita katika maeneo yetu, nashauri kila ukoo upeleke barua ofisi ya kijiji au mtaa, ikiwa na mchoro wa mahali, idadi ya makaburi na majina ya wanaofahamika, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Karatasi ile yenye muhuri ndiyo itakayokusimamia siku greda likija. Nami baada ya kusoma mkasa wako nimeirudia ile ramani niliyoiacha kule Kaliua, nikaipeleka upya ikiwa barua.

Mchangiaji (Ulyankulu)

Naomba mtukumbuke na sisi ambao wazee wetu walikimbia Burundi mwaka 1972. Wengine walizikwa hapa Ulyankulu, kisha baadhi ya familia zikahamishiwa Mishamo, makaburi yakabaki na majirani. Leo sisi ni raia wa nchi hii, watoto wetu wanauliza babu yuko wapi, na jibu ni la mahali tusipoishi.

Mwanzisha uzi (Tabora)

Hamjasahaulika. Mliyoyapitia ndiyo yaleyale ya malale na ya vijiji, ila ninyi mlivuka na mpaka. Mna faida moja: mashahidi wa macho bado wako hai. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1972 sasa amepita sabini. Wachukueni wazee wa Mishamo, hata wawili tu, mwende nao Ulyankulu watembee kwa miguu yao. Msiwaulize sebuleni. Shangazi yangu akiwa kwenye kiti alikumbuka nusu. Alipofika kwenye ule mkuyu mwaka uliofuata alikumbuka na nyimbo walizoimba wakifagia.

Sasa namalizia habari za Ujiji, kwa kuwa wengi mmeniandikia pembeni mkiuliza kama yule mzee wa meli alipatikana.

Maneno ya "kubeba meli" nilikuwa nikiyachukulia kama hadithi ya jioni. Baadaye nikajua kwamba Wajerumani waliijenga meli ya *Graf von Götzen* huko Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipandevipande, wakaipakia katika maelfu ya makasha, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kuingizwa majini mwaka 1915. Ndiyo MV *Liemba* ya leo. Kumbe mzee alibeba meli kweli, kasha kwa kasha. Hapo nikapata mahali na mwaka: Kigoma, karibu 1914. Kisha vita ikaja. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwezi Julai 1916 na Tabora mwezi Septemba, wakaishika Kigoma na Ujiji mpaka mwaka 1921.

Nilihofia kwamba alichukuliwa kuwa mpagazi wa vita, na hao karibu hawana makaburi. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliofia upande wa Waingereza hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa. Kwa upande wa Wabelgiji na Wajerumani, wapagazi wetu nao walizikwa kandokando ya njia. Nilipofika Ujiji sikuwa na tumaini kubwa.

Nilikwenda msikitini siku ya Ijumaa, nikamwomba imamu. Baada ya swala alinisimamisha, nikajieleza mbele ya watu: ni Mnyamwezi wa Tabora, namtafuta baba wa babu yangu aliyekuja na reli asirudi. Mzee mmoja wa ukoo wa Kimanyema akasema, "Hapa kuna nyumba tunaiita kwa Mnyamwezi, na waliomo si Wanyamwezi." Nilipelekwa. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, na nilipomuuliza sababu ya jina lile alinijibu kwamba baba wa mama yake alikuwa mgeni kutoka Unyanyembe, akasilimu, akaoa hapo, akafa kwa mafua wakati wa Wabelgiji akiwa na mtoto mmoja wa kike. Akaongeza bila mimi kumuuliza kwamba mzee huyo hakuwa na kidole gumba cha mkono wa kushoto. Shangazi wa Tabora alikuwa ameniambia jambo hilohilo miaka mitatu kabla: alirudi nyumbani mara moja tu, amefungwa kitambaa mkononi, akasema chuma cha reli kimemla kidole.

Kaburi liko katika maziara ya zamani, chini ya miembe. Shahidi la kichwani ni jiwe bapa la mchanga lililopasuka na kuanguka, na kipande chenye tarakimu ya mwisho ya mwaka kilikuwa peke yake kwenye majani. Mimi nilikisoma nikapata nane. Mzee wa msikitini alikichukua mkononi, akakigeuza, akakiweka katika mpasuko wake kikakaa barabara. Ilikuwa saba: mwaka 1337. Mwaka huo wa Hijria ulianza Oktoba 1918, ndiyo miezi ambayo yale mafua makali yaliyozunguka dunia nzima yalikuwa yakiua watu katika nchi yetu. Juu ya mwaka kuna jina lake jipya la Kiislamu, kisha *bin*, kisha jina la baba yake kwa Kinyamwezi, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu na mtu ambaye bila shaka hakuwahi kulisikia kabla. Ndilo jina alilopewa babu yangu.

Yule mama wa Ujiji, ambaye kwa nasaba ni shangazi yangu, aliniambia kwamba nyumba yao imekuwa ikimsomea marehemu hitima kila mwaka, na mwishoni huwaombea na "watu wake wa bara ambao hatuwajui". Mwezi ujao nampeleka shangazi wa Tabora kwa treni. Wamekwisha kuongea kwa simu mara tatu. Amefunga vigae viwili kutoka kule matongoni, vya chungu cha mama yake babu, anasema atavifukia miguuni mwa mzee kama wenyeji wataridhia, na mwenyeji wake amekwisha kuridhia. Kuhusu kile kipande cha jiwe, fundi wa Ujiji anataka kukiunga kwa saruji. Nimemwomba asubiri kwanza, kwa kuwa jiwe la mchanga likiungwa kwa saruji ngumu hupasuka pembeni ya kiungo. Mwenye ujuzi wa kuunga mawe ya zamani kwa chokaa, hasa aliye Kigoma au Tabora, tafadhali aniandikie hapahapa kabla ya safari.